Sadaka Isiyo na Kilema

Upo uongo ulioingia katika kwaya zetu taratibu, ukavishwa joho, ukasimamishwa mbele ya madhabahu na kupigiwa makofi siku ya uzinduzi wa albamu. Hauitwi uongo, unaitwa ubora. Tumeona tuutaje kwa jina lake, kwa sababu unawaumiza vijana wetu, na unalifundisha kanisa jambo ambalo Maandiko hayalifundishi.

Habari yenyewe kila msharika anaijua. Kwaya ya vijana ina wapiga magitaa watatu. Wa kwanza ni fundi; akishika gitaa la solo, hata wazee wa viti vya nyuma huinua vichwa. Wa pili ni wa wastani, anapiga besi bila makosa mengi. Wa tatu amepata Kipaimara juzijuzi. Anajua mikao michache ya vidole, na wimbo ukienda kasi mkono wake unachelewa. Jumapili kwa Jumapili hao watatu hupiga pamoja, washarika huimba, na Mungu huabudiwa. Kisha kwaya inaamua kurekodi. Bahasha za michango zinagawiwa, mkungu wa ndizi unanadiwa nje ya kanisa mara tatu, na kila anayeununua anaurudisha unadiwe tena. Fedha ikitimia, gari linashuka Moshi mjini. Huko studio, prodyuza anasikiliza dakika tano, anatikisa kichwa, na kusema: huyu wa tatu aweke gitaa chini, na huyu wa pili pia. Anapigiwa simu mpigaji wa kukodi. Kwa siku mbili amemaliza nyimbo nane za kwaya ambayo hajawahi kusali nayo.

Baadaye inapigwa video. Kwaya inapelekwa penye maporomoko ya maji kule Marangu, imeshonewa sare mpya, na wale vijana wawili walioambiwa waweke magitaa chini sasa wanapewa tena magitaa wayashike. Nyaya hazijachomekwa popote. Wanachezesha vidole juu ya nyuzi, wanatabasamu kama walivyoagizwa, na kinachosikika ni kazi ya mtu mwingine ambaye jina lake halimo kwenye jalada.

Katika mafundisho ya Kipaimara tulikariri amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Hapa majirani wanaoshuhudiwa uongo ni watatu. Mpigaji wa kukodi ananyang'anywa kazi yake. Kijana anavikwa kazi isiyo yake. Na msharika aliyenunua ule mkungu wa ndizi anauziwa sauti ya mgeni kwa jina la mwana wa jirani yake. Tukifanya hivyo sokoni kwa kahawa, tukachanganya magunia na kuandika jina la shamba ambalo haikutoka, tungeitwa matapeli. Tukifanya kwaya, tunaitwa wenye maono.

Tunaijua kwaya moja, si lazima kuitaja, ambayo kijana wake alipiga ridhimu miaka mitatu, harusini na mazishini, masika na kiangazi. Albamu ilipotoka, mama yake alinunua nakala, akawaita majirani waje wamsikie mwanawe. Kijana alitoka nje. Hakuweza kumwambia mama kwamba anayesikika si yeye. Tangu hapo hakurudi mazoezini. Wenzake walisema vijana wa siku hizi hukata tamaa upesi. Sisi tunasema alifundishwa, na akaelewa vizuri alichofundishwa: kwamba kanisani unahitajika mpaka siku ya jambo kubwa, na siku hiyo ikifika anatafutwa mwingine.

Sasa tuzijibu hoja za wanaoutetea mtindo huu. Hatuzidharau, maana wanaozisema ni watu wanaoipenda kazi ya Mungu.

Hoja ya kwanza ni ya sadaka. Wanasema: Mungu hatolewi mnyama kipofu wala kiwete, sadaka isiwe na kilema. Wageni wametutania vya kutosha sisi wa Kilema kwa jina la mahali petu, kwa hiyo neno hilo tumelisoma kwa makini kuliko wengine. Someni Malaki 1, mstari wa 14. Anayelaaniwa pale ni mtu mwenye dume zima zizini, ambaye ameweka nadhiri, kisha analificha na kuleta lenye kasoro. Kosa lake ni kubana. Amelaaniwa kwa kile alichobakiza nyumbani. Maskini hakulaaniwa. Kwa maskini Torati ilifungua mlango mwingine: asiyeweza mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na katika Walawi 5, asiyeweza hata hao alete unga. Ndicho walichofanya Yusufu na Mariamu katika Luka 2. Walipanda Hekaluni na ndege wawili, wamembeba mkononi Mwana-Kondoo wa Mungu. Hakuna kuhani aliyewaambia waazime kondoo wa tajiri ili sherehe ipendeze.

Basi kijana anayepiga mikao mitatu ya vidole, na anaipiga kwa moyo wote, ameleta hua wake wawili. Hana dume alilolificha zizini. Kilema katika sadaka hii kiko kwetu tukimwambia akae pembeni, tukalipa fedha ili sadaka itoke kwenye mikono ambayo haikuwa na nadhiri yoyote. Daudi, katika 2 Samweli 24, alikataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Mtu atasema kwamba mpigaji wa kukodi ametugharimu sana. Ni kweli, ametugharimu fedha. Lakini fedha tumeitoa ili tusigharimike katika lile lililo gumu zaidi, yaani uvumilivu wa kumfundisha mtu.

Hoja ya pili ni ya ustadi. Wanatukumbusha Zaburi ya 33, inayotuagiza kumpigia Bwana kwa ustadi. Amina. Hatuandiki haya ili kutetea nyuzi zilizolegea na mapigo yanayoyumba. Lakini tuulize Biblia yenyewe ilifanya nini na ustadi. Katika 1 Nyakati 15 yuko Kenania, mkuu wa Walawi, ambaye tunaambiwa alikuwa stadi wa nyimbo. Ustadi wake ulimpa kazi gani? Kazi ya kufundisha. Kisha endeleeni mpaka sura ya 25. Waimbaji wa Hekalu wanahesabiwa, nao ni 288, wote wamefunzwa kumwimbia Bwana. Kama kulikuwa na mahali pa kuchagua kumi bora na kuwarudisha wengine nyumbani, ni pale, katika Hekalu lenyewe, mbele ya sanduku la agano. Mstari wa 8 unasema nini? Wakapiga kura za zamu zao, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Wakagawanywa makundi 24, kila moja watu 12. Kwa hiyo palikuwa na mwanafunzi katika zamu, na zamu yake ilikuwa zamu halali. Wanaotuletea Zaburi ya 33 na kuuacha mstari huu wamechukua nusu ya gitaa, wameacha nyuzi.

Baba yetu Martin Luther, ambaye mwenyewe alipiga chombo cha nyuzi kiitwacho luti, aliliona jambo hili. Kabla ya matengenezo ya kanisa, sehemu kubwa ya uimbaji ibadani ilikuwa mali ya makasisi na waimbaji waliofunzwa, kwa Kilatini, na mkristo wa kawaida alisikiliza. Luther akarudisha wimbo kinywani mwa usharika. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa kule Wittenberg kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, na Luther akakiandikia dibaji. Humo alieleza kwamba nyimbo zimepangwa kwa sauti nyingi kwa ajili ya vijana, ili wafunzwe muziki. Hakuandika kwamba zimepangwa ili mafundi wapate kung'aa. Kanisa la Kilutheri linalomtoa kijana kwenye wimbo ili kumpisha fundi linatembea kinyumenyume kuelekea kule Luther alikotutoa.

Hoja ya tatu ndiyo inayopigiwa debe zaidi: kwamba kurekodi si ibada. Ibadani kosa hupita na upepo, wanasema, lakini kwenye rekodi linakaa. Na wapigaji wasiolingana hawawezi kutoa kitu cha kusikilizika. Hapa tutazungumza kidogo kama watu wa muziki, na msomaji asishangae tukizitaja bendi za dansi. Hekima ya kazi ni hekima, nayo haikai kanisani peke yake.

Bendi zetu kubwa za Tanzania, tangu Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki waliingia wote, wakapiga wote kwa pamoja. Hapakuwa na namna rahisi ya kumfuta mmoja na kumbandika mwingine. Aliyekosea, wote walirudia. Je, wapiga magitaa wa bendi hizo walilingana vidole? Hawakulingana hata kidogo. Walichokuwa nacho ni mgawanyo wa kazi. Solo alikuwa na njia yake, solo wa pili yake, ridhimu yake, besi yake, na kila mmoja alijua mahali pa kunyamaza. Kule Kinshasa, Lutumba Simaro alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1961 na kushika ridhimu, gitaa ambalo msikilizaji wa kawaida halisikii mpaka liache kupigwa. Huyohuyo ndiye mtunzi wa "Mabele". Franco aling'ara kwa solo, naye Simaro hakuonekana mdogo kwa kukaa kwenye ridhimu. Bendi ilikuwa na nafasi ya wote wawili kwa sababu hakuna aliyepewa kazi zote.

Wazee wetu wanaikumbuka vilevile studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977, vipindi vilivyotayarishwa hapo vilipelekwa Addis Ababa na kurushwa na kituo cha redio cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo hicho. Kwaya iliyoimba ndiyo iliyosikika. Sauti nyembamba ilisikika nyembamba, na mtu aliyekuwa jikoni akitenga maziwa aliweza kusema: yule ni fulani wa kwetu. Injili ilisonga mbele hata hivyo.

Kwa hiyo tunawaambia walimu wa kwaya: tatizo halianzi kwa kijana mwenye mkono mzito. Linaanza kwenye wimbo uliopangwa bila kumfikiria. Mpeni mikao mitatu aliyo nayo, apige pigo moja la wazi mwanzo wa kila hesabu, wala asikimbizane na mtu. Fundi apunguze; asijaze kila pengo kwa madoido, maana anayejaza kila pengo hamwachii mwenzake mahali pa kukanyaga. Punguzeni mwendo wa wimbo kidogo. Washarika watashukuru, maana watayasikia maneno. Lainisheni magitaa yote kwa sauti moja kabla ya kuingia, kwa sababu nusu ya kinachoitwa kutokujua kupiga ni nyuzi ambazo hazikukazwa. Fanyeni mazoezi miezi mitatu ya wimbo uleule, mfike studio mkiwa tayari, muombe kurekodi magitaa yote pamoja, mkitazamana machoni. Mtashangaa jinsi mwenye mkono mzito anavyobebwa na wenzake. Mtu akiwekwa peke yake ndani ya chumba na kamba za spika masikioni, hata wa wastani hugeuka dhaifu.

Hoja ya nne ni ya fedha: washarika hawatanunua, na vijana watakimbilia kwaya za mjini kwenye YouTube. Tunajibu kwamba msharika wa Kilema hanunui albamu ya kwaya yake kwa sababu imezishinda kwaya za Dar es Salaam. Za Dar es Salaam anazo tayari, kwenye simu, bila kulipa. Ananunua kwa sababu ni watoto wake. Tukimwondolea watoto wake tukamwekea sauti laini ya kukodi, tumemwuzia kitu ambacho angekipata bure kwa wengine, tukaondoa kile kimoja ambacho asingekipata popote.

Tuseme pia neno kwa upande wa pili, maana upanga wa Neno una makali kuwili. Wapo vijana watakaosoma makala hii na kufurahi, wakidhani tumewapa ruhusa ya kuja mazoezini wamechelewa na kupiga kilekile walichopiga mwaka juzi. Hatukuwapa. Kumbukeni mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mtumwa wa mwisho hakuhukumiwa kwa kuwa na talanta moja. Bwana wake ndiye aliyempa moja, kwa kadiri ya uwezo wake, na hakumdai tano. Alihukumiwa kwa kuifukia. Kijana asiyeshika gitaa kati ya Jumapili na Jumapili anachimba shimo kwa mikono yake. Lakini tofauti ni hii: katika mfano ule mtumwa alifukia mwenyewe. Katika studio zetu kijana anakuja na talanta yake mkononi, na wakubwa ndio wanaoshika jembe.

Na kwako wewe uliye fundi tunasema kwa upendo: kipawa chako ni kikubwa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anasema viungo vinavyoonekana dhaifu zaidi ndivyo vinavyohitajika, na kwamba Mungu amekipa heshima zaidi kiungo kilichopungukiwa. Hakuishia kusema kiungo dhaifu kivumiliwe; alisema kinahitajika. Ukipiga kiasi ambacho mdogo wako hawezi kukufuata, umepiga vizuri na umekosa mwili. Ukishusha mkono wako apate kupanda, hapo ndipo ufundi wako unapokuwa huduma.

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa habari hii upya. Mifongo inayoshusha maji kutoka msituni hadi migombani ilichimbwa na ukoo mzima, na hadi leo siku ya kuusafisha mfongo hutoka wote. Mwenye nguvu huchukua jembe na kukata penye mwamba. Mzee huonyesha mkondo. Mtoto huokota majani. Majembe hayalingani, lakini maji hayaulizi ni jembe gani lilipita wapi. Nani aliwahi kusikia ukoo ukiwaambia vijana wake wakae nyumbani, ukakodi watu wa mjini wachimbe, kisha vijana wakapigwa picha wameshika majembe makavu? Jambo hilo lingekuwa aibu ya vizazi. Mbona kwenye nyimbo za Bwana tunaliita maendeleo?

Kwa hiyo tunayaleta haya mbele ya mabaraza ya wazee wa sharika zetu, yajadiliwe kabla ya bahasha nyingine ya mchango wa albamu kugawiwa.

Kwanza, mpigaji yeyote anayetumika ibadani mwaka mzima asiondolewe siku ya kurekodi. Apangiwe sehemu inayolingana na mkono wake, hata kama ni wimbo mmoja, hata kama ni pigo moja.

Pili, kila fundi anayepiga kwaya akabidhiwe mwanafunzi mmoja, na jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kwaya kama tunavyoandika mapato. Vyombo vyetu vingi vimenunuliwa kwa harambee kubwa, vikawekwa chini ya ufunguo. Gitaa lililofungiwa stoo halimfundishi mtu.

Tatu, sehemu ya fedha inayochangwa kwa ajili ya studio itengwe kwanza kwa mwalimu. Makumira wanafundisha muziki hadi kiwango cha shahada. Hatuna udhuru wa kusema walimu hawapatikani kanisani kwetu.

Nne, ikibidi kukodi mtu, na wakati mwingine hubidi, jina lake liandikwe kwenye jalada kwa herufi zinazosomeka, alipwe haki yake, na kwenye video asimame yeye. Kukodi si dhambi. Kumficha aliyekodiwa ndiyo dhambi. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na jina lake ni sehemu ya ujira huo.

Mtu atasema tumelifanya jambo dogo kuwa kubwa. Ni magitaa tu. Lakini kanisa halifundishi kwa mahubiri peke yake. Linafundisha kwa kile linalofanya fedha zinapokuwa mezani na watu wanapotazama. Kijana anayeambiwa kila Jumapili kwamba yeye ni kiungo cha mwili wa Kristo, kisha akaondolewa siku mwili unapotaka kupendeza, amehubiriwa mahubiri mawili. La pili ndilo atakalolikumbuka akiwa baba, na ndilo atakalowarithisha wanawe.

Ndugu washarika, Bwana wetu alikuwa na kundi la watu kumi na wawili wasiolingana. Mmoja alikuwa mwepesi wa kusema, mwingine mzito wa kuamini, wengine wawili wakigombea viti. Wangekuwa wanamuziki, hakuna prodyuza ambaye angewakubali. Yeye akatembea nao kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, akawafundisha njiani, akawaamini na Injili yake mpaka miisho ya dunia. Tukiwa watu wake, tusione haya kurekodiwa tulivyo, huku tukijifunza kuwa bora kuliko tulivyo. Sadaka ya namna hiyo, hata mkono wa mmoja ukichelewa kidogo, haina kilema. Amina.